Kutoka Jina la Kanga hadi Fonti Kamili: Kutambua Sura za Herufi na Kuchora Zako

Ndani ya sanduku la bibi mna kanga nyekundu na nyeusi iliyofuliwa mpaka pindo limeanza kufifia, lakini jina lake bado linasomeka hata ukiwa upande wa pili wa uwanja: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Siku moja niliombwa kutengeneza bango la harusi ya binamu yangu, na mama akasema anataka maandishi "yafanane na ya kanga ile". Nikaona ni kazi ya dakika tano: naitafuta fonti, naipakua, nimemaliza. Sikuipata. Kila niliyoijaribu ilikuwa nadhifu kupita kiasi, kama shati jipya ambalo halijatolewa pini. Mwishowe niliichora mwenyewe. Mwongozo huu unapita njia niliyopita mimi, na mashimo niliyotumbukia nayaonyesha pia.

Kwanza tuelewane kwa maneno mawili. Sura ya herufi ni mchoro wenyewe, yaani namna A inavyosimama na S inavyojipinda. Fonti ni faili linalobeba mchoro huo ndani ya kompyuta. Mitaani tunayaita yote fonti na hakuna ubaya, ila tofauti hiyo utaihitaji tukifika kwenye leseni.

Vifaa ni vichache: simu yenye kamera, rula, karatasi na penseli, kompyuta ya kawaida tu, na programu mbili za bure, Inkscape ya kuchorea na FontForge ya kutengenezea fonti. Zote zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. FontForge ina sura ya kizamani na vitufe vyake vinachosha macho, lakini usiikimbie. Inafanya kila kitu utakachohitaji hapa.

Hatua ya kwanza: piga picha kama anayepima, si kama anayepamba

Kosa la kwanza ni kuipiga picha kanga ikiwa imevaliwa au imetandikwa kitandani. Kitambaa kinavutika, na herufi zinavutika nacho. Piga pasi, kisha ibane ubaoni au ukutani pasipo kuivuta. Simama hatua tatu nyuma na ukuze picha kwa kamera, maana ukisogea karibu sana lenzi ya simu hutunisha katikati na herufi za pembeni huonekana zimelala. Kamera iwe sambamba na kitambaa. Mwanga wa kivulini saa za asubuhi unafaa kuliko taa.

Weka rula mbili, moja kwa mlalo na nyingine kwa wima. Kanga iliyofuliwa sana husinyaa, na haisinyai sawa pande zote mbili, kwa kuwa nyuzi za urefu na za upana hazina mvutano mmoja. Rula hizo ndizo zitakazokuonyesha kama kamera nayo imeongeza upotovu wake. Ukiwa na doti nzima, pima vipande vyote viwili. Kimoja huwa kimechoka kuliko mwenziwe.

Hatua ya pili: ni fonti au ni mkono?

Kabla ya kutafuta jina la fonti, hakikisha kuna fonti ya kutafutwa. Watu wengi hukesha wakifukuzia jina la kitu kilichochorwa na fundi kwa brashi, ambacho hakijawahi kuwa faili.

Njia ya kujua ni rahisi na haitaki utaalamu: linganisha herufi inayojirudia. Katika JAPO SIPATI TAMAA SIKATI kuna A sita, I nne, T tatu na S mbili. Kata kila A kwenye picha, zipange safu moja, halafu zilaze moja juu ya nyingine zikiwa nusu uwazi. Zikikaa pamoja bila kutofautiana, kuna fonti, au mtu alinakili herufi moja mara sita. Kwenye kanga ya bibi, upau wa A ya tatu ulikuwa chini kuliko wa nyingine zote, na A ya mwisho ya TAMAA ilikuwa nyembamba zaidi, kana kwamba aliyechora aliona nafasi inamwishia. Huo ni mkono.

Kwa kanga za zamani hilo si ajabu. Majina yalianza kwa hati za Kiarabu, baadaye zikaja herufi za Kirumi, na kanga nyingi zilizovaliwa pwani zilichapwa mbali: India, Uholanzi, Japani. Herufi zilichorwa au kuchongwa pamoja na mji na pindo kama sehemu ya ua, na huenda aliyezichora hakujua neno hata moja la Kiswahili. Yeye alikuwa akichora maumbo. Kanga za siku hizi zinazobuniwa kwenye kompyuta ni habari nyingine: humo utakutana na Arial iliyonenepeshwa mara nyingi tu, na kusema kweli inanikera.

Hatua ya tatu: ikiwa ni fonti, ihoji

Tuseme A zako sita zimelingana. Sasa una fonti ya kutambua, na hapa usianze na programu, anza na macho. Angalia kwanza kama nguzo za herufi zina vikono vidogo miguuni na vichwani, vile viitwavyo serifu. Times New Roman, iliyotengenezewa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932, inavyo. Helvetica ya Uswisi, iliyotoka mwaka 1957, haina. Swali hilo moja linakupunguzia nusu ya orodha.

Baada ya hapo acha kutazama neno zima, tazama herufi zinazotoa siri. O na I hazisemi mengi. R, G, Q, J, K, S na C zinasema. Mfano unaowasumbua wengi ni Helvetica na Arial, ambazo kwa mbali ni kama mapacha:

– Mguu wa R: kwenye Helvetica unashuka karibu wima ukiwa na mkunjo, kwenye Arial unakwenda mshazari umenyooka.
– G: ya Helvetica ina kisigino chini kulia, ya Arial haina.
– Ncha za C na S: Helvetica imezikata kwa mlalo kabisa, Arial imezikata upande.
– Kichwa cha t ndogo: Helvetica ni bapa, Arial kimekatwa mshazari.

Maandishi ya Kiswahili yana tabia yake katika zoezi hili. Vitabu vya nje vinakuambia utafute Q kwanza, lakini Kiswahili hakiitumii Q wala X, na C huja ikiwa imeshikana na H. Sisi tumejaliwa a, i, k, n, m, u na w kwa wingi. Kwa hiyo kwenye herufi ndogo anzia kwa a. Je, ina paa juu ya tumbo, kama unavyoiona kwenye magazeti, au ni duara na kijiti tu kama mtoto anavyofundishwa kuandika? Futura ya mwaka 1927 ni duara na kijiti. Kisha g: ya Times na ya Gill Sans ina matumbo mawili, ya Helvetica ina tumbo moja na ndoano. Kisha angalia mahali mikono ya k inapokutana na nguzo yake: inaigusa moja kwa moja, au ule mguu umechipuka kwenye mkono? Mwisho mkia wa y, umenyooka au umejikunja. Kwa herufi hizo nne utakuwa umepunguza washukiwa mpaka wachache.

Hapo ndipo unapoita mashine. Huduma ya WhatTheFont hupokea picha na kupendekeza majina. Identifont hufanya kazi kwa njia niipendayo zaidi: inakuuliza maswali kuhusu herufi moja moja. Kabla ya kupakia picha, inyooshe ilale sawasawa, igeuze nyeusi na nyeupe, na zitenganishe herufi zilizogusana. Mashine hutoa jibu hata pale isipojua, kwa hiyo jibu lake lichukue kama uvumi. Ukipewa jina, andika maneno yaleyale kwa fonti hiyo, yalaze juu ya picha yako, na utazame R na S. Zisipokaa, si yenyewe.

Na kama maandishi yamo ndani ya faili la PDF au kwenye tovuti, usijichoshe na picha. Kwenye kisoma PDF fungua sifa za faili, sehemu ya fonti, majina yanakuwa yameorodheshwa. Kwenye kivinjari cha Firefox bofya maandishi kwa kitufe cha kulia, chagua Inspect, kisha kichupo cha Fonts.

Utambuzi huu si mchezo wa wachoraji peke yao. Mwaka 2017 nchini Pakistan, katika kesi iliyoihusu familia ya waziri mkuu, wachunguzi walitilia shaka nyaraka zilizokuwa na tarehe ya Februari 2006 kwa sababu ziliandikwa kwa Calibri. Fonti hiyo iliwafikia watu kwa wingi mwaka 2007, ilipokuja na Office mpya ya Microsoft. Tarehe ya fonti ni kitu cha kuuliza kila mara unapopewa karatasi "ya zamani".

Hatua ya nne: pima herufi ulizonazo

Turudi kwenye kanga yetu ya mkono. Jina lake linatupa herufi tisa tofauti: J, A, P, O, S, I, T, M, K. Zimebaki 17. Watu wakisikia hivyo hukata tamaa, kinyume kabisa na maneno ya kanga yenyewe, lakini tisa hizi ni mtaji mkubwa kwa sababu zina karibu kila umbo la msingi: nguzo, upau, mshazari, duara, tumbo na ndoano.

FontForge huchora kila herufi ndani ya kisanduku chenye kimo cha yuniti 1000. Mgao wa kawaida ni 800 juu ya mstari wa msingi, yaani ule ambao herufi husimama juu yake, na 200 chini yake, kwa ajili ya mikia. Mimi niliamua herufi kubwa ziwe na kimo cha 700. Kwenye picha yangu I ilikuwa na kimo cha pikseli 310 na unene wa pikseli 62, yaani unene ni moja ya tano ya kimo. Moja ya tano ya 700 ni 140, basi nguzo zote za fonti zitakuwa yuniti 140. Namba hiyo iandike kwenye karatasi na uibandike mbele yako.

Pima pia upau wa T. Utakuta ni mwembamba kuliko nguzo yake, na usidhani fundi alikosea. Jicho la mtu huona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima hata vikilingana kabisa. Nguzo zangu ni 140, pau zangu 122.

Jambo la pili ambalo jicho hudanganyika ni duara. O yenye kimo kilekile cha I huonekana fupi, kwa kuwa inagusa mistari kwa nukta moja tu juu na moja chini. Hivyo iache ipite kidogo: yuniti 10 hadi 15 juu, na vivyo hivyo chini. S, C, G, U na J nazo zipite pale zilipo mviringo. Ncha kali ya A, kama yako ina ncha, ipite pia.

Hatua ya tano: chora tisa

Ndani ya Inkscape ipo amri ya Trace Bitmap, inayogeuza picha kuwa mistari. Itumie kutazama tu. Matokeo yake huja na nukta mia mbili kwenye herufi moja, kila uzi wa kitambaa umegeuka kilima na bonde, na kusafisha hapo ni kazi kubwa kuliko kuchora upya. Ninachofanya ni kuweka picha chini kama kivuli, kisha nachora juu yake kwa nukta chache iwezekanavyo. I inahitaji nukta nne. O inahitaji nne nje na nne ndani.

Kanuni ya nukta za mviringo ni moja: ziweke kwenye vilele, yaani juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, na vishikio vyake, yaani vile vijiti vya kupindia mstari, vilale wima au mlalo. Ukisahau, FontForge ina amri ya Add Extrema ya kuziongeza. S ndiyo itakayokutesa. Tumbo lake la juu liwe dogo kuliko la chini, na mgongo wa katikati uwe mnene kidogo kuliko ncha. Ukitaka kujua kama umeipata, igeuze kichwa chini: S iliyo sawa, ikigeuzwa, huonekana kama mtu aliyebeba mzigo kichwani. Isipoonekana imeelemewa juu, matumbo yako yamelingana mno, na ikisimama kawaida itaonekana inaanguka.

Hapa kuna uamuzi wa ladha. Wino umeingia kwenye nyuzi za kanga na kuzilainisha pembe zote. Je, uuhifadhi ulaini huo au urudishe pembe kali? Nilizikata pembe kwa mviringo mdogo wa yuniti 8. Ukichapa kwa ukubwa wa bango unauona, ukichapa mdogo hauuoni, ila maandishi yote yanapoa. Aliyetaka fonti ya ofisi angezikata kali, nami nisingemlaumu.

Hatua ya sita: zizae zilizobaki

Herufi mpya hazitungwi kutoka hewani, huzaliwa na ndugu zake. I na T zinazaa L, H, E na F. Usikate tu upau na kubandika: upau wa kati wa H na mkono wa kati wa E vikae juu kidogo ya nusu, vinginevyo herufi itaonekana imelegea kiunoni. E, F na L ziwe nyembamba kuliko H.

P inazaa R, B na D. Mguu wa R uuazime kwenye K, ndiyo njia ya kuzifanya zionekane za familia moja. B si P mbili: tumbo la chini hutokeza zaidi. O inazaa C, G na Q. J inakupa ndoano ya kuzalisha U. M inakupa N. A ukiigeuza unapata V, lakini punguza upana wake kidogo, kwa sababu A ina upau unaoshikilia miguu na V haina. W ichore kutoka kwa V mbili zilizobanwa, si kutoka M iliyopinduliwa, maana M nyingi zina nguzo zilizosimama wima ilhali W imelala pande zote. K inabaki kukufundisha unene wa mishazari ya X, Y na Z. Kwenye X kuna kiini macho: mshazari mwembamba unaopita nyuma ya mnene huonekana umevunjika hata kama umenyooka kabisa. Visogeze vipande vyake yuniti chache kila upande mpaka jicho likubali.

Usizichore kwa mpangilio wa A hadi Z. Ninaanza na H, N, U, W, E, L, Y na B, kwa kuwa zikiunganika na zile tisa unaweza kuandika WATU, HALI, NYUMBA, YETU, na ukaanza kuona kama maneno yanasimama. Q na X zisubiri mwisho, zipo kwa ajili ya majina ya wageni.

Zikiwa zimekamilika, kwa kila herufi endesha Remove Overlap, kisha Correct Direction. Ukisahau ya pili, tundu la O au la A linaweza kujazwa wino.

Hatua ya saba: NG'OMBE

Fonti yangu ilipokuwa na herufi 26, tarakimu na nukta, niliona imeiva. Nikamtumia rafiki anayeandika mabango. Kazi yake ya kwanza nayo ilikuwa ya bucha. Bango likachapwa mita mbili kwa moja, likatundikwa: NYAMA YA NG, halafu kisanduku kitupu, halafu OMBE.

Kosa lilikuwa langu. Nilichora ile alama iliyonyooka iliyo kwenye kibodi, ambayo kwenye Yunikodi, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ni U+0027. Lakini programu za uandishi na simu nyingi huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, U+2019, na hiyo sikuwa nayo. Fonti isiyokuwa na glifu, yaani mchoro wa alama inayotakiwa, huonyesha kisanduku au huazima alama ya fonti nyingine, na vyote viwili ni aibu. Kwa hiyo fonti yoyote ya kuandikia Kiswahili ichore alama tatu: U+0027, U+2019, na U+02BC ambayo Yunikodi huihesabu kuwa herufi, si alama ya nukuu. Hii ya tatu inaweza kuwa nakala ya ile ya pili. Faida yake ni kwamba neno kama ng'ambo linahesabika kuwa neno moja ukilibofya mara mbili.

Halafu itazame ikiwa ndani ya neno. Fonti nyingi zimeipa alama hiyo nafasi pana pande zote, kwa kuwa wabunifu wake waliifikiria kama nukuu, si kama sehemu ya sauti. Matokeo yake ni NG 'OMBE, kama maneno mawili. Isogeze karibu na G kushoto, na karibu zaidi na O kulia.

Tukiwa hapa, usisahau bei. Chora mkwaju na alama ya sawasawa, na uhakikishe vinapendeza vikifuatana, kwa maana 5,000/= ndiyo maandishi yatakayochapwa kuliko methali yoyote. Tarakimu zote zipe upana mmoja, mimi nilitumia 560, ili bei zikipangwa chini kwa chini zinyooke.

Hatua ya nane: nafasi ni nusu ya kazi

Huenda ni zaidi ya nusu. Nimeona herufi za wastani zilizopangwa vizuri zikapendeza, na herufi nzuri zilizopangwa vibaya zikawa kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Fungua dirisha la vipimo kwa Ctrl+K, andika HHHH, na urekebishe nafasi za ubavuni mpaka uwazi kati ya nguzo uonekane umetulia. Kwa unene wa 140, nilianza na 70 kila upande. Kisha andika HHOHH na HOOH. Mviringo unahitaji nafasi ndogo kuliko nguzo, kwenye fonti yangu ni 38. Ukishapata namba hizo mbili zilizobaki zinafuata: kila ubavu wenye nguzo iliyonyooka uuazimie H, kila ubavu wa mviringo uuazimie O, na mishazari ya A, V, W, Y pamoja na mikono ya T ipewe karibu sifuri. Kwa hiyo P inakuwa na 70 kushoto, na kulia chini ya 38, kwa sababu chini ya tumbo lake kuna uwazi tayari.

Baada ya hapo ndipo unaposhughulikia jozi zinazokaidi. FontForge itakutaka uunde jedwali la jozi kwanza, kubali, halafu zisogeze moja moja. Orodha za jozi unazozikuta mtandaoni zimetungwa kwa Kiingereza. Zetu ni nyingine: WA, YA, KA, TA, PA, VYA, KWA, TWA, AY. Andika VYA WATU WA KAYA YA TATU na utaona balaa lote kwa mara moja. Kwenye fonti yangu YA ilirudi nyuma yuniti 80, TA 70, WA 60. Kumbuka pia nafasi tupu kati ya maneno: A inayofuatwa na nafasi kisha W hufungua shimo ambalo halionekani kwenye neno moja moja.

Pima matokeo kwenye karatasi, si kwenye kioo. Chapa, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kunja macho. Mahali panapoonekana doa jeusi herufi zimesongamana, mahali panapoonekana mwanya zimeachana mno. Mchora vibao mmoja wa mtaani kwetu hufanya hivyo kila siku bila rula wala kompyuta. Anasogea nyuma mpaka katikati ya barabara, bodaboda zinampigia honi, yeye anaendelea kukunja macho.

Hatua ya tisa: toa faili, liwekee leseni

Endesha Validate ikuonyeshe nukta zilizopotea na mistari isiyofungwa. Jaza jina la fonti, namba ya toleo na jina lako, kisha chagua Generate Fonts. Toa OTF kwa kazi za uchapaji, na TTF kwa wanaotumia kompyuta za kawaida na simu.

Leseni niliyochagua ni SIL Open Font License, toleo la 1.1. Inamruhusu yeyote kuitumia fonti, kuibadilisha na kuigawa pamoja na kazi zake, ila hawezi kuiuza peke yake kama bidhaa. Ukitaka, unaweza kulihifadhi jina lako la fonti ili atakayeibadilisha atafute jina lingine. Na ile tofauti ya mwanzo inafanya kazi hapa: Marekani, kwa mfano, hakimiliki haizilindi sura za herufi zenyewe, lakini inalilinda faili la fonti kama programu. Kuchora upya maandishi ya kanga kuukuu ni jambo moja, kufungua faili la mtu, kubadilisha jina na kulitangaza kuwa lako ni jambo jingine. Na ua la kanga, yaani mji na pindo lake, uliachie aliyelibuni.

A mbili za TAMAA

Bango la harusi lilipotoka mama aliliangalia akasema, "Yamefanana, lakini haya yamesoma shule." Nilihitaji siku nzima kuelewa alichokiona. Kwenye TAMAA, zile A mbili za mwisho zilikuwa nakala halisi, zimekaa ubavu kwa ubavu, na hakuna mkono unaofanya hivyo.

Dawa yake ni kuchora A ya pili yenye upau ulioshuka kidogo na upana uliopungua, kuiita A.alt1, na kuiambia fonti iitumie yenyewe kila A inapoifuata A nyingine. Andika maneno haya kwenye faili la kawaida la maandishi, lihifadhi, kisha kwenye FontForge uliingize kwa Merge Feature Info iliyo chini ya menyu ya File:

feature calt {
  sub A A' by A.alt1;
} calt;

Toa fonti upya na uandike TAMAA kwenye programu inayokubali mabadiliko ya aina hii. LibreOffice na vivinjari vya kisasa vinakubali. Nilichukua vipimo vya A.alt1 kutoka kwa ile A nyembamba ya kanga ya bibi, ambayo mwanzoni niliitupa nikidhani ni kosa.